Bendera za mtetemo: miezi minne nazo kwenye viwanja vya ndondo

Nashika kibendera kwenye mechi za ndondo, yaani soka la mitaani, hapa Dar, mwaka wa sita sasa. Waamuzi wanne tulichangishana shilingi 350,000 tukaagiza seti moja: bendera mbili zenye kitufe kwenye mpini, na risiva ambayo mwamuzi wa kati anaifunga juu ya kiwiko. Nikibonyeza, inatetemeka na kulia.

Shida ya kuotea iko kwenye macho. Kanuni inataka nijue mshambuliaji alikuwa wapi pale mwenzake alipougusa mpira, na huyo mwenzake yuko mita 40 kutoka nilipo. Beki anapanda kuweka mtego, mshambuliaji anakimbilia goli. Kila mmoja akienda mita 5 kwa sekunde, sehemu moja tu ya kumi ya sekunde inawaachanisha mita nzima. Nikigeuza shingo kumwangalia mpiga pasi, nikirudi nimeshachelewa. Kwa hiyo macho nayaacha kwa beki, nasikiliza mguu unavyogonga mpira. Uwanja wa Mwembe Yanga ngoma zikipamba moto, hata kusikia ni kazi.

Bendera hii haikuniongezea macho, na anayeinunua kwa tumaini hilo atunze hela yake. Imenipa subira. Zamani nilinyanyua haraka kwa hofu kwamba mwamuzi wa kati hataniona, goli litafungwa, ndipo ageuke akute bendera iko juu. Hapo benchi zima linanijia. Sasa najua atasikia, kwa hiyo nasubiri. Aliyesimama eneo la kuotea hana kosa mpaka aingilie mchezo. Juzi washambuliaji wawili waliufuata mpira mmoja: wa mbele ameotea, wa nyuma yuko sawasawa na beki, na kuwa sawasawa si kuotea. Wa mbele akauacha, wa nyuma akafunga. Sikubonyeza. Kocha wa waliofungwa alinifokea hadi mapumziko, lakini lile lilikuwa goli halali, na miezi minne nyuma ningelikataa.

Kwenye mstari wa goli haisaidii kitu. Mpira lazima uvuke wote, mstari wote, na mimi muda mwingi niko usawa wa beki. Lampard alipopiga mpira ukagonga mtambaa wa panya na kudunda ndani, Bloemfontein mwaka 2010, Uingereza ilinyimwa goli Kombe la Dunia lenyewe. Miaka miwili baadaye ndipo teknolojia ya mstari wa goli iliporuhusiwa. Sisi huku tuna chokaa, ambayo kipindi cha pili imeshafutwa na viatu. Pale inabaki mbio zako tu.

Kasoro yake kubwa ni vumbi. Linaingia kwenye kitufe, mwezi wa tatu cha kushoto kikaanza kukwama. Tunakisafisha kwa mswaki mkavu kabla ya kila mechi. Mkanda wa risiva unateleza kwa jasho, mwamuzi avae kitambaa chini yake. Chaji inatosha mechi mbili, ya tatu usiiamini.

Kwa anayechezesha mara moja kwa mwezi, bei haimfai. Kwa kundi linalochezesha kila wikiendi, changishaneni. Sisi tumeshaanza kuchanga ya mpini wa akiba.