Kipa abadilishwe? Njia tatu za kumtazama kabla ya kumhukumu

Kipa wa timu kubwa akiruhusu bao la kizembe jioni, kesho yake asubuhi vijiwe kuanzia Kariakoo mpaka Mbagala vimeshampeleka benchi. Mara nyingi hukumu hiyo imetokana na kulitazama bao lenyewe mara nne tano kwenye marudio, basi. Hapa zinapimwa njia tatu alizonazo shabiki wa Dar es Salaam za kumtazama kipa, yaani matangazo ya AzamTV, vipande vya mechi mtandaoni na tiketi ya uwanjani, kwa swali moja: ipi inatoa ushahidi wa kutosha kusema namba moja akae, namba mbili aingie?

Uwanjani kunashinda kwa mbali, ila si kwa kila kiti. Runinga inaaminika kwenye mikono ya kipa, lakini inapotosha kuhusu mahali alipokuwa amesimama. Vipande vya mtandaoni vina kazi moja ambayo havina mpinzani, nayo ni kupima muda wa shuti.

Tuanze na runinga. Azam Media ina haki ya kuonyesha Ligi Kuu kwa mkataba wa miaka 10 uliosainiwa mwaka 2021, wenye thamani ya Sh bilioni 225.6, kwa hiyo kwa watu wengi king'amuzi hicho ndicho jicho pekee la ligi. Kamera kuu hukaa usawa wa mstari wa kati na kufuata mpira. Kwa anayetaka burudani hilo ndilo linalotakiwa. Kwa anayempima kipa ni tatizo, kwa sababu timu yake ikishambulia, kipa hayupo kwenye picha kabisa, na hapo ndipo anapofanya uamuzi wake mkubwa: asogee hadi nje ya boksi kuziba nafasi iliyo nyuma ya mabeki waliopanda, au abaki nyuma? Mpira mrefu ukipigwa, kamera inageuka na kumkuta ameshaanza kukimbia. Hujui alianzia wapi. Bao la mpira uliopita nyuma ya mabeki ndilo ambalo runinga huwasingizia makipa kuliko bao lolote, na wakati mwingine huwafichia makosa yao vilevile.

Mahali runinga inapofaa ni kwenye mikono. Marudio yaliyopigwa kutoka nyuma ya goli yanaonyesha kama viganja vilikuwa nyuma ya mpira, vidole gumba vikikaribiana, au kama alikwenda na ngumi kwenye mpira wa kudaka. Angalia pia mpira uliotemwa umeangukia wapi. Kipa anayeupangua kuelekea upande wa kibendera cha kona amefanya kazi yake hata kama hakuudaka. Anayeutema katikati, kati ya boksi dogo la mita 5.5 na alama ya penalti, anamwandalia mshambuliaji bao. Kutema kwa namna hiyo mara moja si hoja. Mara tatu katika mechi nne, uwanja ukiwa mkavu, ni hoja nzito kuliko bao lolote la mbali.

Tahadhari moja: mwendo wa polepole unadanganya. Shuti la kilomita 90 kwa saa linakwenda mita 25 kila sekunde, hivyo likipigwa umbali wa mita 20 linafika golini kwa sekunde 0.8. Penalti ya kilomita 100 kwa saa inatumia takriban sekunde 0.4, na binadamu wa kawaida huhitaji kama sekunde 0.2 kuona na kuanza kujongea. Marudio yanarefusha muda huo mara nyingi, na kila mpira unaanza kuonekana wa kudakika. Ndiyo maana mabishano ya baada ya marudio huwa makali kuliko ya wakati bao linaingia.

Kwenye kibanda umiza hali ni hiyohiyo, pamoja na kelele, na huna uwezo wa kusimamisha picha. Kwa uamuzi kama huu hakifai.

Mtandaoni ndiko unakoweza kumtendea kipa haki kwa vipimo. Tumia kompyuta, kwa sababu programu ya YouTube ya simu haisogezi picha mojamoja. Kwa simu utaishia kupunguza kasi hadi 0.25, ambayo ni makadirio tu. Kwenye kompyuta weka ubora wa 720p au zaidi, maana chini ya hapo mpira hugeuka ukungu. Simamisha video. Kitufe cha nukta kinakwenda mbele fremu moja, cha mkato kinarudi nyuma fremu moja. Bofya video kwa kitufe cha kulia cha kipanya, fungua takwimu zake (Stats for nerds), usome namba iliyo baada ya alama ya @: ikiwa 25, kila fremu ni sekunde 0.04. Sasa hesabu fremu kutoka kiatu kinapogusa mpira hadi kipa anapoanza kujisukuma. Tano au sita ni jibu la kawaida la mwili. Zikifika kumi, na hali hiyo ikajirudia kwenye mashuti tofauti, kuna kitu: ama mabeki walimziba, jambo ambalo utaliona kwenye fremu hizohizo, ama ameanza kuwa mzito. Angalia na miguu wakati wa shuti. Inatakiwa yote miwili iwe chini, uzito ukiwa mbele ya nyayo. Kipa aliyekutwa bado anatembea au anaruka-ruka huchelewa hata kama macho yake ni mazuri.

Kosa la kawaida hapa ni kuhesabu fremu kwenye kipande cha marudio kilichokwisha kupunguzwa kasi. Hesabu kwenye picha ya moja kwa moja tu. Na vipande vya dakika chache vina upungufu ambao hakuna kitufe cha kuuondoa: wahariri hubakiza mabao na uokoaji wa kuruka, wakakata krosi zilizodakwa kwa utulivu. Kipa anayelitawala boksi lake huonekana hakufanya kitu, na yule anayechelewa kila mara kisha akaokoa kwa kuruka huonekana shujaa.

Twende uwanjani. Kiti cha nyuma ya goli kinaonyesha kama kipa amesimama kwenye mstari unaotoka kwenye mpira hadi katikati ya goli, lakini hakionyeshi vizuri amesogea mbele kiasi gani. Kiti cha pembeni, usawa wa mstari wa boksi, kinaonyesha amesogea kiasi gani, lakini kinaficha kama ameegemea nguzo moja kupita kiasi. Vyote viwili vinahitajika. Goli lina upana wa mita 7.32 na urefu wa mita 2.44. Mpigaji akiwa mita 11 mbele ya goli, kipa aliyebaki kwenye mstari analinda mita 7.32 zote. Akisogea mbele mita 2, upana wa kulinda unashuka hadi karibu mita 6. Akisogea mita 4, unabaki kama mita 4.7, lakini hapo mpigaji mwenye utulivu anaweza kumpitishia mpira juu ya kichwa. Mita hizo mbili au nne ndizo zinazotenganisha makipa wawili wenye mikono sawa, na hazionekani kwenye runinga mpaka muda umeshapita.

Uwanja wa Benjamin Mkapa, pamoja na ukubwa wake wa watu 60,000, si rafiki wa kazi hii. Una njia ya kukimbilia riadha, hivyo viti vya mzunguko vya nyuma ya goli viko mbali. Bila darubini, hata ndogo ya kukuza mara 8, utaona jezi tu. Azam Complex ya Chamazi na uwanja wa KMC pale Mwenge vinaupita kwa mbali: hakuna njia ya riadha, na uko karibu kiasi cha kusikia sauti ya kipa. Sauti ni kipimo. Sikiliza kama anawaita mabeki kabla ya krosi kupigwa au baada. Kumbuka pia kwamba timu hubadilishana magoli wakati wa mapumziko. Ukikaa nyuma ya goli moja, kipa wako utakuwa naye karibu kwa dakika 45 tu.

Kaa na daftari. Krosi na kona zinazoangukia ndani ya boksi dogo ziandike zote: alitoka au hakutoka, aligusa au hakugusa. Bao la kichwa la mita 5 hubandikwa kwa beki wa kati, ilhali mara nyingi mpira huo ulikuwa wa kipa. Andika pasi zake anapokabwa, hasa zile za mguu dhaifu: ngapi zimefika kwa mwenzake, ngapi zimetoka nje. Tangu sheria ya sekunde 8 ianze kutumika msimu wa 2025/26, kipa anayeng'ang'ania mpira mikononi anawazawadia wapinzani kona, kwa hiyo uharaka wa kuanzisha mashambulizi umekuwa sehemu ya kazi yake kweli.

Faida ambayo tiketi pekee inakupa ni kupasha misuli. Makipa kwa kawaida hutangulia kutoka, kama dakika 45 kabla ya filimbi, na kocha wao huwafanyisha kazi wote. Hapo ndipo unapomwona namba mbili. Mwangalie kwenye krosi: anadaka juu kabisa mikono ikiwa imenyooka, au anausubiri mpira ushuke usawa wa uso? Anayedai kipa abadilishwe bila kumwona anayeingia anadai nusu ya uamuzi.

Simba ya mwaka 2023 ni funzo zuri la jambo hili. Kipa namba moja Aishi Manula aliumia, Ally Salim akaingia, akawa golini Simba ilipoifunga Yanga 2-0 tarehe 16 Aprili. Tarehe 13 Agosti, kwenye Ngao ya Jamii pale Mkwakwani, Tanga, akapangua penalti tatu na Simba ikachukua ngao kwa penalti 3-1. Ni kazi kubwa ya kijana aliyeingia bila kutarajiwa. Lakini penalti ni pambano la sekunde 0.4 na hazijibu swali la krosi wala la mpira wa nyuma ya mabeki. Kisha tarehe 5 Novemba Manula, akitoka kwenye majeraha ya muda mrefu, alikuwa golini kwenye dabi iliyoisha 5-1 kwa Yanga. Kuyabandika mabao yote matano kwa kipa ni uonevu. Safu nzima ya ulinzi ilifunguka. Hata hivyo jina kubwa na utimamu wa mechi ni vitu viwili tofauti, na dabi si mahali pa kuupima huo wa pili.

Mfano wa upande mwingine ni Arsenal, Septemba 2023. Aaron Ramsdale alikuwa kipa wa timu iliyomaliza ya pili msimu uliotangulia, akapisha David Raya, mtu anayesifika kwa krosi na pasi. Raya alimaliza msimu huo na mechi 16 za ligi bila kufungwa, akatwaa glavu ya dhahabu. Uamuzi haukusubiri bao la kizembe.

Idadi nayo ina mipaka. Ligi yetu ina timu 16 na mechi 30. Kipa wa Simba au Yanga kuna siku hapigiwi zaidi ya mashuti mawili matatu yaliyolenga goli. Mechi tano zinaweza kukupa mashuti kumi na tano tu, na mabao mawili yaliyogonga beki yakabadilisha picha nzima. Krosi, pasi na mahali anaposimama huja kwa wingi kila mechi, kwa hiyo hukumu ijengwe juu ya hayo kabla ya mabao.

Mwenye fedha za tiketi moja tu mwezi huu asiipeleke kwenye dabi. Aende Chamazi au Mwenge kwenye raundi za mwanzo za Kombe la Shirikisho la hapa nchini, si lile la CAF, ambako makocha hupenda kumpa nafasi kipa namba mbili, afike saa moja kabla, akae nyuma ya goli kipindi cha kwanza, na kama nafasi ipo ahamie pembeni kipindi cha pili.