Vitu visivyotambulika angani: achunguze jeshi au raia?

Mjadala huu haukomi, na mifano miwili inatosha kuupima: Project Blue Book ya Jeshi la Anga la Marekani (1952–1969), iliyoendeshwa kutoka kambi ya Wright-Patterson, Ohio, na GEIPAN, kitengo cha CNES, shirika la anga za juu la Ufaransa, kilichoanzishwa Toulouse mwaka 1977 kwa jina la GEPAN.

Kwa kuufikia ushahidi, jeshi liko mbele. Rada ni zake, marubani ni wake. Blue Book ilikusanya taarifa 12,618, na 701 zikabaki bila maelezo. Ila swali la kwanza la jeshi ni tishio. Likishaona halipo, hamu hupungua. Tena mwaka 1953 jopo la Robertson, kundi la wanasayansi lililoitishwa na CIA, shirika la ujasusi la Marekani, lilipendekeza umma upunguziwe shauku ya mambo haya. Kwangu hilo ni doa kubwa: mchunguzi hapaswi kupewa jibu kabla ya kazi.

Kwa uwazi, Wafaransa wanashinda. Polisi wa jandarmeri huchukua maelezo, wataalamu huyapima, kisha kesi hupewa daraja, kuanzia A hadi D; D ni ile iliyochunguzwa na bado haielezeki. Mwaka 2007 walianza kuweka mafaili mtandaoni, bila majina ya mashahidi. Dosari yao ni kwamba kitengo chenyewe ni kidogo, basi.

Unayetafiti Vita Baridi, anza na Blue Book. Anayetaka kujifunza kupima ushuhuda mmoja mmoja atafaidika zaidi Toulouse.