Boksi la treni nimelipenda, waya wake hapana!

Haya ndugu watazamaji, karibuni tena, tuko hapahapa Kirumba, Mwanza. Leo ni boksi la kuendeshea treni ndogo kwa mfumo wa DCC, yaani treni inaamriwa kidijitali kupitia reli zake, lile la ampia 3 mlilokuwa mnaniulizia. Skrini, vitufe, idadi ya vichwa, hayo yote yapo kwenye katoni, nayaruka. Nataka tuongelee waya walioutia humu ndani, maana umeniudhi kwelikweli.

Hebu uangalieni kwa karibu. Mwembamba, nusu milimita ya mraba, jozi moja tu, na karatasi ya maelekezo inasema unganisha sehemu moja ya reli, basi. Kwa duara dogo la mezani, sawa. Lakini mimi stesheni iko huku, na kule ukutani nimejenga mfano wa gati la Mwanza Kusini, pale mabehewa yanapopakiwa kwenye MV Umoja, meli ya mabehewa ya Ziwa Victoria. Treni ikiwa stesheni inatii kila kitu. Ikikaribia gati naiambia simama, haisimami! Taa zinawaka, mota inazunguka, inaenda tu.

Wengi hapo wanalaumu dekoda, kile kifaa ndani ya kichwa cha treni kinachosoma amri, na kununua nyingine. Subirini kwanza. Kwenye DCC, umeme na amri vinapita pamoja kwenye reli zilezile mbili. Umeme unageuzwa upande huu na huu kwa kasi: amri zinaandikwa kwa 1 na 0, tarakimu ya 1 ni mikrosekunde 58 kila upande, ya 0 ni 100 au zaidi, na dekoda inasoma muda huo. Mawimbi yakifika yamevurugika, inaitupa amri na kuendelea na ile ya mwisho iliyoielewa. Ndiyo maana treni ina nguvu ya kutembea, ila "simama" haijaipata.

Sasa hiki ndicho nilichokipenda kwenye boksi hili. Sarafu ya mia tano. Naiweka juu ya reli zote mbili hapa stesheni... tka! Taa nyekundu, umeme umekatika papo hapo. Naitoa, umerudi wenyewe. Tazameni tena. Tka! Safi sana. Twende gatini. Naiweka... kimya. Boksi halijui kama kuna shoti! Naitoa haraka, na ninyi msiiache, kwa sababu ampia zikiendelea kupita hivyo plastiki inayeyuka na kichwa cha treni kinaungua. Popote sarafu isipokata umeme, ujue waya wako hautoshi au kiungo cha reli kimelegea.

Nimenunua waya wa milimita za mraba 2.5, wa kawaida wa nyumba, duka la vifaa vya umeme, nimeupitisha chini ya meza mpaka gatini, nyaya mbili zimesokotwa pamoja. Kila mita moja na nusu hivi natoa vijiwaya vifupi, navilehemu kwenye reli. Umbali wa mita 6, kwenda na kurudi, kwa ampia 3, waya uliokuja na boksi unapoteza volti 1.2. Huu wangu mnene, robo volti. Na sarafu gatini... tka! Mmesikia hiyo?

Multimita, yaani kipima umeme, ya bei rahisi, angalizo: imetengenezwa kwa umeme wa nyumbani wa hezi 50, namba yake kwenye DCC usiiamini. Linganisha tu stesheni na gati kwa kipimo hichohicho.

Na kabla ya yote safisha reli kwa spiriti. Kiangazi hapa ni vumbi, halafu wale wadudu wa ziwani wakifuata taa wanasagwa na magurudumu, reli inakuwa na utando.

Bei? Pamoja na usafirishaji na ushuru imenifikia laki nne na ushee. Kwa pesa hiyo wangetia waya wa maana! Z21, boksi la kampuni ya Roco, unaendesha kwa simu, nzuri, lakini bei yake imenishinda. Hili bado nalichukua, kwa kukata shoti haraka hivyo.

Kaka wa Musoma aliyeuliza kuhusu waya unaozidi mita 10: mwisho wa waya unganisha rezista ya omu 100 na kapasita ya mikrofaradi 0.1, zifuatane, kutoka waya mmoja hadi mwingine. Zinatuliza mawimbi yanayoruka. Nimeshaziagiza, video ya Jumamosi tunazifunga mbele ya kamera, kwa hiyo bonyezeni kengele.