Nilivyomwazima karani wa mitihani kwa dakika 20

Dirisha namba 4 la ofisi ya mitihani chuoni kwetu limebandikwa matangazo mpaka kioo hakionyeshi kitu, limebaki tundu la chini tu la kupitishia makaratasi. Kwa miaka miwili nilichokijua kuhusu mama anayekaa nyuma yake ni mikono: kucha fupi, saa kubwa ya kiume mkono wa kulia, na mhuri. Fomu yangu ya kuahirisha mtihani aliirudisha mara tatu. Mara ya tatu kosa langu lilikuwa kusaini kwa wino wa bluu.

Mwezi uliopita maktaba ya chuo ikatangaza huduma mpya: njoo uazime mtu. Wahadhiri na wafanyakazi waliojitolea wanakaa mezani kuanzia saa tisa alasiri mpaka saa kumi na moja, kila mmoja na kadi inayotaja jambo analolifanya akishatoka kazini. Unajiandikisha, unakaa naye dakika 20, unamuuliza utakalo. Kengele ikilia unamrudisha, anaazimwa na mwingine.

Wazo lenyewe si letu. Lilianzia Denmark mwaka 2000 kwenye tamasha la muziki la Roskilde, ambako Ronni Abergel na wenzake waliweka "vitabu" zaidi ya 50 vya watu hai, saa nane kwa siku, kwa siku nne. Kule shabaha ilikuwa kuvunja chuki, ndiyo maana polisi alikutwa amekaa na mchoraji wa kuta wa kinyemela, wanazungumza. Sisi kwetu hakuna chuki ya kuvunja. Kuna watu wanaopishana kwenye korido miaka minne na kila mmoja anamjua mwenzake kwa cheo tu. Nilijiandikisha nikiwa na mashaka, nikaenda na swali moja tu kichwani, la wino.

Lakini siku ile dirisha namba 4 alikuwa ameazimwa tayari, kwa hiyo nikaanza na mhadhiri wa takwimu. Kadi yake: "Natengeneza saa za ukutani." Nikajiambia hapa pazuri. Masikini, mwalimu ni mwalimu tu. Alitoa karatasi, akachora magurudumu, akaanza historia, kisha akahamia kwenye pendulamu: muda wake wa kwenda na kurudi unategemea urefu, uzito haumo, na ya mita moja hivi hukata upande mmoja kwa sekunde moja. Vizuri, lakini hayo ningeyapata darasani. Dakika 14 zikapita mdomo wangu umefungwa, nusura nitoe daftari.

Kilichotuokoa ni springi. Alikuwa ameishika kwa kibano anionyeshe ilivyojikunja, ikamponyoka, ikaruka chini ya meza. Tukapiga magoti wote wawili kuitafuta kwenye zulia, yeye na tai yake inaburura. Huko chini ndiko alikoanza kuzungumza kama mtu. Saa ya kwanza aliyoifungua, alisema, ilikuwa ya baba yake, yeye akiwa na miaka tisa. Alishindwa kuirudishia, akaificha, na nyumba nzima ikamsingizia mwizi asiyekuwepo. Baba alifariki bila kuambiwa. Vipande bado viko kwenye boksi la viatu. "Na sasa unaweza kuitengeneza?" nikamuuliza. "Naweza tangu miaka ishirini iliyopita," akasema, akaendelea kupapasa zulia. Kengele ikalia tukiwa bado tumepiga magoti. Springi hatukuipata.

Wa pili ni fundi sanifu wa maabara anayejifunza kuogelea akiwa na miaka 58. Mcheshi, ila kila baada ya sentensi mbili alikuwa anatazama simu. Sina la kuongeza.

Halafu zamu yangu ya dirisha namba 4 ikafika. Kadi yake ilikuwa imeandikwa kwa mkono: "Nimewahi kumtoa mwanangu kwa kadi nyekundu."

Ni refa. Wa mpira wa miguu, wa kuandikiwa ripoti na kupimwa mbio kila msimu. Nilimwamkia, akaitikia, akabonyeza kitufe kwenye ile saa kubwa ya mkono wa kulia. Kumbe hiyo ni ya kusimamisha na kuanzisha. Ya kawaida iko mkono wa kushoto. Refa huvaa mbili, moja ikizima nyingine ipo. Miaka miwili nimeitazama saa ile kwenye tundu la kioo nikidhani ni urithi wa marehemu mume.

Akafungua mkoba, akapanga vitu mezani kimoja kimoja: filimbi yenye alama za meno, daftari dogo, penseli mbili, kadi. Ya njano hukaa mfuko wa kifuani, nyekundu mfuko wa nyuma wa kaptula. "Hasira ikikupanda, mkono unakimbilia kifuani wenyewe," alisema. "Mpaka uufikishe nyuma, umeshapata nafasi ya kufikiri." Siku ya mwanawe, refa aliyepangwa hakutokea, akaombwa ashike yeye. Kijana ana miaka 17, kanyimwa penalti, akatukana. Mkono ulikwenda nyuma. Akamwandika kwenye ripoti majina yake yote matatu kama mchezaji mwingine yeyote, la pili likiwa la baba yake. Nyumbani hawakusemeshana siku nne.

Nikaona penseli zile, nikapata ujasiri. "Mama, mbona penseli?" Kwa sababu mvua ikinyesha wino unatiririka, penseli inabaki. "Na bluu je? Ile fomu yangu?"

Akacheka mpaka wa meza ya jirani akageuka. Alinikumbuka! Fomu za kuahirisha, akanieleza, zinatolewa nakala kwenye mashine moja kuukuu kabla hazijaenda kwenye kamati, na mashine ile wino wa bluu haiuoni. Kamati ingepata karatasi isiyo na saini na ingeitupa, mimi nikasubiri muhula mzima. "Mchezaji naye hudhani refa anamchukia."

"Sasa mbona hukunieleza?"

"Na foleni ya watu arobaini nyuma yako, mwanangu?"

Kengele ikalia. Akatazama saa yake, akaniinulia vidole viwili. "Za majeruhi," akasema, na tukakaa dakika mbili zaidi, mratibu amesimama kando anatutolea macho.

Hapo ndipo nina ugomvi na waandaaji. Kwenye orodha kulikuwa na watu 16. Kati yao 12 ni wahadhiri. Wahadhiri tayari wana kurasa zao, picha zao, orodha za machapisho, na wana ulimi uliozoea kusikilizwa. Mambo yao ya nje ya kazi yanajitangaza yenyewe: dunia inajua kwamba Richard Feynman, mwanafizikia wa chuo cha Caltech huko Marekani, alipiga bongo, zile ngoma ndogo mbili za mkono, na kwamba Alan Turing, mwanahisabati Mwingereza wa mambo ya kompyuta, mwaka mmoja kabla ya kwenda kufundisha Manchester, alikimbia marathoni kwa saa 2 na dakika 46. Karani aliyepokea alama za wanafunzi wa Feynman, yeye alipiga nini?

Wafanya usafi na walinzi hawakuwemo hata mmoja. Nilimuuliza mlinzi wa geti kubwa kama alialikwa. "Saa tisa ndiyo napokea zamu," akasema. Basi. Saa zimepangwa na mtu asiyejua geti linabadilisha mlinzi saa ngapi.

Kadi nazo ni shida. Nyingi ziliandikwa na ofisi ya mawasiliano, unaiona harufu yake: "Mpenda mazingira na mwenye moyo wa kusaidia." Nani aazime hicho? Zile mbili tatu ambazo wenyewe waliandika kwa mkono ndizo zilizokuwa na foleni. Fomu ya kujiandikisha mtandaoni ilinigomea kwenye simu mara mbili, ikakubali kwenye kompyuta. Na meza ziko karibu mno. Siri ya boksi la viatu nadhani waliisikia watu sita.

Gallup, shirika la kura za maoni, na Chuo Kikuu cha Purdue waliwahi kuwauliza wahitimu wa Marekani karibu 30,000, mwaka 2014, kuhusu maisha yao ya chuo. Asilimia 27 tu ndio waliokubali kabisa kwamba walipata maprofesa waliowajali kama watu. Nikisoma takwimu ile zamani nilikuwa napandwa na hasira kwa niaba ya wanafunzi. Siku hizi natamani mtu apite ofisi za mitihani, maabara na mageti aulize swali hilohilo kwa upande wa pili.

Nyota tatu na nusu kati ya tano. Ile nusu ni ya springi. Ningeongeza moja zaidi wakisogeza saa, wakipunguza wahadhiri nusu, na kila mtu akiandika kadi yake. Ukienda, usipeleke shida zako za ofisini. Mimi nilipeleka ya wino na ikanitokea vizuri, lakini nilimwona kijana mmoja akitoa barua ya ada mbele ya mhasibu aliyekuja kuzungumzia kwaya, na uso wa yule bwana ukafunga kama dirisha la saa kumi.

Jumatatu nilikuwa na fomu nyingine. Nilisaini kwa wino mweusi, nikapanga foleni, nikaisukuma kwenye tundu nikiwa nimeinama kidogo ili anione. Mikono ikaipokea, ikaigeuza, ikatulia. Hakuna salamu. Kisha fomu ikarudi, na juu yake kikaratasi cha njano cha kubandika, kimeandikwa kwa penseli: "Tarehe?"