Mkanda wa tumbo baada ya CS (kujifungua kwa operesheni): nilichopata kwa shilingi 1,800

Najua wengi mnatafuta bei kwanza: shilingi 1,800, duka la vifaa vya hospitali hapa Kisumu, upande wa Oginga Odinga Street. Niliomba punguzo nikaongezewa pakiti ya pamba. Operesheni yenyewe ililipiwa na SHA, bima ya afya ya serikali, ambao kiwango chao cha CS ni shilingi 30,000, lakini mkanda nilijinunulia.

Mimi ni fundi wa nguo, Manyatta. Kitu chochote chenye lastiki na uzi nakigeuza ndani nje kabla sijatoa pesa. Huu una lastiki yenye matundu ya kupitisha hewa, velkro imeshonwa zigizaga mara mbili, na kingo zimefunikwa kitambaa laini kisichokwaruza. Ila pesa yangu ililala kwenye zile paneli tatu za mbele, kila moja inafungwa peke yake. Ya chini unailegeza, ya katikati unaikaza. Mkanda wa kipande kimoja haukupi nafasi hiyo. Ukikaza kiuno umekaza na kidonda.

Na kidonda kiko chini kuliko watu wanavyodhani. Siku hizi mara nyingi hukatwa mstari wa kulala, juu kidogo ya mfupa wa kinena. Nilimuuliza daktari swali la kifundi: mmeshona tabaka ngapi? Akacheka, akanihesabia. Mfuko wa uzazi. Halafu ule utando mgumu unaofunika misuli ya tumbo. Mafuta, kama unene wake umefika sentimita 2. Mwisho ngozi. Misuli yenyewe haikatwi, inatenganishwa katikati na kusukumwa kando, kisha inarudi mahali pake. Uzi wa ndani huyeyuka wenyewe. Ule utando mgumu ndio unaobeba uzito, kwa hivyo ukikohoa, ukicheka au ukiinuka ghafla, hapo ndipo panapovutwa. Mkanda unasaidia kushikilia kwa nje, basi. Haushoni wala hauponyi. Mshono wa mfuko wa uzazi ndio unaotaka muda mrefu zaidi, na Shirika la Afya Duniani hushauri kungoja angalau miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya kushika mimba nyingine.

Naweza kulinganisha kwa sababu CS ya kwanza, ile ya dharura, niliipitia bila mkanda, nikijishikilia tumbo kwa mto. Hii ya pili ilipangwa: mtoto alikuwa ametanguliza matako, na mimi tayari nina mshono wa zamani. Wakangoja hadi wiki ya 39, maana mtoto anayetolewa mapema kwa operesheni ya kupanga ana hatari kubwa zaidi ya kusumbuliwa na pumzi. Hata hivyo wangu alitoka akipumua mbiombio. Nesi alinieleza kwamba uchungu wa kuzaa ndio unaoanza kuyakausha maji yaliyo kwenye mapafu ya mtoto, na operesheni ya kupanga huiruka hatua hiyo. Akapelekwa wodi ya watoto wachanga kuwekewa oksijeni. Wodi yenyewe iko mwisho kabisa wa korido.

Hapo ndipo mkanda ulipolipa. Ganzi ya mgongo ilipoisha na miguu ikarudi, nilifungwa paneli zote tatu nikiwa bado nimelala, nikageukia ubavu, nikashusha miguu, nikajisukuma kwa kiwiko. Uchungu ulikuwepo, nisidanganye mtu, na dawa za maumivu nilimeza kwa saa zake. Lakini ile hisia ya kwamba tumbo linataka kudondoka sakafuni, ambayo mara ya kwanza ilinifanya nigande kitandani, haikuwepo. Nikaenda kumwona mwanangu kwa miguu yangu. Manesi nao walitaka nitembee. Damu ya aliyejifungua huganda upesi, na baada ya operesheni hatari inaongezeka. Ukilala tu, bonge linaweza kujitengeneza mguuni likapanda hadi kwenye mapafu.

Pia niliuvaa kwenye tuktuk ya kurudi nyumbani. Anayezijua barabara za mtaani kwetu ameshanielewa.

Sasa kasoro. Velkro ina kelele. Saa nane za usiku ukiifungua ili unyonyeshe, kraaa, na aliyekuwa ananyonya akisinzia anaruka. Kuketi nao ukinyonyesha pia hakufai, paneli ya juu inakunjika na kuchoma chini ya matiti. Nikawa nauvua kabisa, namweka mtoto kwapani, miguu yake ikielekea nyuma yangu, ili asiguse mshono.

Halafu joto. Kisumu ya Februari unaijua. Jasho likinaswa chini ya lastiki, kidonda kinalowa, na kidonda kilicholowa ni mwaliko kwa vijidudu. Niliweka kipande cha leso ya pamba katikati, na nyumbani nikauvaa wakati wa kutembea tu. Asubuhi mume wangu alikuwa anakagua mshono, kwa sababu mimi nilikuwa sifiki kuuona: wekundu unaosambaa, usaha, harufu. Ukiona hayo, au homa, au damu inayojaza pedi ndani ya saa moja, au mguu mmoja umevimba na unauma, vua mkanda uende hospitali. Usikaze.

Boksi lina picha ya mwanamke mwenye tumbo bapa na maneno ya kurudisha shepu kwa wiki mbili. Uongo mtupu. Mfuko wa uzazi hunywea wenyewe kwa muda wa wiki sita hivi, na kunyonyesha kunausaidia. Mafuta hayajali lastiki. Mama mkwe wangu alikuja na leso yake tayari kunifunga kwa nguvu. Nikamwambia, "Mama, tungoje kidonda kifunge." Akanitazama, akaikunja leso akambebea mtoto.

Nilijaribu pia ule mwembamba wenye vyuma vya kusimamisha, wa muuzaji wa mtandaoni, shilingi 2,500. Unabana kiuno na kusukuma kila kitu chini, kwenye misuli ya sakafu ya nyonga, ileile ambayo mimba ilishaichosha. Ushonaji wenyewe wa kulipua, uzi unaning'inia. Niliufumua. Vifungo vyake viko kwenye blauzi ya mteja wangu wa Kondele.

Ule wa paneli tatu naupa nne kwa tano. Jipime kwa tepi kuzunguka sehemu nene ya tumbo baada ya kujifungua. Usitumie saizi ya nguo zako za zamani, na ukiwa katikati ya saizi mbili chukua kubwa. Dukani watakubadilishia kama boksi halijachanika. XL huisha haraka, piga simu kwanza.