Ndani ya mwamba au hori ya Mtwapa?

Sisi wa Nairobi tukiteremka Mombasa kwa treni ya Ijumaa usiku, tuna siku mbili tu za kuvua kwa mshipi. Julai ni majira ya kusi na hewa huwa poa; joto likizuka wakati huo, pa kutupia ndoana pachaguliwe vizuri: ndani ya mwamba wa matumbawe, au kwenye hori ya Mtwapa, mkono wa bahari ulio kaskazini mwa Mombasa.

Kati ya ufuo na mwamba, maji yakipwa hubaki haba na jua huyapasha upesi. Maji ya moto hubeba oksijeni kidogo, hivyo samaki kama changu hukimbilia kwenye kina. Hapo ni alfajiri tu. Nje ya mwamba kusi huchafua bahari. Kwa mtumbwi mdogo, usithubutu.

Hori ina kina, mikoko hutia kivuli, na kila maji yakijaa huingia maji mapya ya bahari. Nashusha chambo cha kamba kando ya mizizi, kwa chubwi (kizito cha kuzamishia ndoana) nyepesi, nikiwatafuta chewa na kolekole. Mizizi hukata mshipi, kweli, na mbu wa jioni hawana huruma.

Nikiwa na watoto sisiti: hori. Barafu nainunua kabla ya chambo, maana kwa joto hili samaki huharibika haraka mno.