Kuhalalisha vyeti Nairobi: huduma ya Harambee Avenue inafaa, mradi ufuate mpangilio wake

Cheti cha Kenya kikitakiwa nje ya nchi, lazima kihalalishwe kwanza. Ukiona tangazo mjini linaloahidi apostili ya Kenya, yaani uthibitisho mmoja unaofanya cheti kikubaliwe nje bila kupitia ubalozi, pita tu. Kenya haijajiunga na Mkataba wa Hague wa 1961, kwa hiyo hakuna ofisi ya serikali hapa inayotoa karatasi hiyo. Rwanda imo tangu 2024, Burundi tangu 2015. Wala haikusaidii kwamba nchi unayoendea ni mwanachama. Saudia iliingia Desemba 2022 na China Novemba 2023, lakini mkataba hufanya kazi pale tu nchi zote mbili zimo. Cheti cha Kenya kinapita kwa ofisi iliyokitoa au inayoisimamia, kisha Wizara ya Mambo ya Nje, kisha ubalozi.

Wizara ya Mambo ya Nje iko Old Treasury Building, Harambee Avenue, na hatua hii ndiyo huwachanganya wengi. Afisa pale hasomi cheti chako kuona kama ulifaulu. Kazi yake ni kulinganisha sahihi na muhuri na sampuli alizo nazo za maafisa wa idara nyingine. Sahihi asiyoitambua, hata iwe ya mkuu wa shule yako, inarudishwa. Ndiyo maana huwezi kuruka ofisi iliyotangulia.

Vyeti vya masomo huanzia Wizara ya Elimu, Jogoo House, umbali wa kutembea tu. KNEC, baraza la mitihani la taifa, nao huthibitisha matokeo kupitia mfumo wao wa mtandaoni, QMIS, lakini ithibati hiyo hutumwa moja kwa moja kwa taasisi uliyoitaja. Haichukui nafasi ya muhuri kwenye cheti. Hati ya kwamba hujaoa au hujaolewa hutoka kwa Msajili wa Ndoa, Sheria House, barabara iyo hiyo.

Hati za kiapo na za uwakili (za kumpa mtu mwingine mamlaka ya kukuwakilisha) ndizo hukwama zaidi. Watu humwendea wakili yeyote, anapiga muhuri wa kamishna wa viapo, wanaondoka wakidhani wamemaliza. Kwa matumizi ya nje inatakiwa sahihi ya notari, ambaye ni wakili aliyeteuliwa na Jaji Mkuu kwa kazi hiyo, na si kila wakili ni notari. Muulize kabla ya kulipa. Baada yake sahihi ya notari huthibitishwa na Msajili wa Mahakama Kuu, ndipo hati ipelekwe Mambo ya Nje.

Cheti kilichopigwa laminesheni ni tatizo la kweli. Wino wa muhuri haushiki kwenye plastiki, na muhuri wa kubonyeza hauachi alama kwenye karatasi iliyofungwa ndani. Usijaribu kuibandua, maandishi huondoka na plastiki na cheti kinaharibika kabisa. Cheti cha kuzaliwa omba kipya. Cha chuo, omba nakala iliyothibitishwa na chuo chenyewe.

Majina nayo yakaguliwe mapema. Pasipoti ikiwa na majina matatu na cheti cha sekondari (KCSE) mawili, kiapo cha notari huenda kikatosha. Ikiwa jina limebadilika kabisa, unahitaji hati ya kubadilisha jina iliyosajiliwa na kutangazwa katika Gazeti Rasmi la Kenya. Hilo huchukua muda, kwa hiyo lianze kabla ya mengine yote.

Cheti cha maadili mema cha DCI (idara ya upelelezi wa jinai) na hati ya ndoa au useja viache mwisho, kwa sababu ofisi nyingi za nje hukataa vilivyopita miezi mitatu au sita. Ombi la DCI hufanywa eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa shilingi 1,050. Fomu ya C24, ya alama za vidole, ichapishwe pande mbili za karatasi moja, si karatasi mbili. Kosa hili dogo hurudisha watu kwenye foleni ya makao makuu ya DCI, Kiambu Road, au Huduma Centre. Wenye vidole vilivyochakaa kwa kazi ya mikono waoshe na kukausha mikono vizuri kabla ya kupigwa chapa, maana chapa iliyofifia hurudiwa.

Je, wakala anafaa? Kwa mtu aliye Mombasa au ng'ambo, ndiyo, bora akutumie risiti ya kila ofisi. Kwa aliye Nairobi hatuoni sababu. Ada za serikali hulipwa eCitizen, nambari ya malipo 222222. Anayekutaka utume pesa kwa simu yake binafsi akidai ndiyo ada ya wizara, mwache.

Ubalozi ndio ulioshika neno la mwisho, kwa hiyo uulize kwanza kabla ya hatua yoyote. Ubalozi wa Ujerumani, kwa mfano, hauhalalishi vyeti vya Kenya. Ofisi ya kule Ujerumani ndiyo inayoomba hati zichunguzwe, na kupiga mihuri mapema ni hasara tupu. Kwa Umoja wa Falme za Kiarabu, baada ya ubalozi kuna muhuri mwingine wa wizara yao ya mambo ya nje, na mwajiri wako ataudai.